Mgeni Mlangoni: Kutoka Hema la Ibrahimu hadi Ukingo wa Mto Kagera



Katika Dominika ya 16 ya Mwaka C Mama Kanisa hutuwekea mezani simulizi la Ibrahimu kwenye mialoni ya Mamre (Mwanzo 18:1-10). Mzee ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, anawaona watu watatu wamesimama mbele yake, naye anaondoka mbio kuwalaki. Hawaulizi wametoka wapi, wala ni wa kabila gani, wala wana barua ya nani. Anaomba maji yaletwe waoshe miguu, anamhimiza Sara kukanda unga, anakimbilia zizini kuchagua ndama. Maswali yanakuja baadaye, na ajabu ni kwamba wageni ndio wanaouliza, wala si mwenyeji.

Kila tunapolisoma somo hilo katika nchi yetu hii ya Karagwe na Kyerwa, mawazo yetu huenda Bweranyange. Wengi wetu tumezoea kulisikia jina la Rumanyika likitajwa kwa ajili ya hifadhi, hasa tangu mwaka 2019 ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe pamoja na jirani yake ya Ibanda-Kyerwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo lilivuma Ulaya kwa sababu ya ukarimu, kabla halijavuma kwa sababu ya wanyama. Juma hili tumeona vema kulitafakari jambo hilo, kwa maana limegusa mambo yanayoletwa ofisini petu karibu kila wiki: ndoa, vibarua, mashamba na ujirani.

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa wamechoka. Huko Uzinza na Usui walikotoka, kila mtawala aliwasimamisha na kuwadai hongo, yaani ushuru wa njia, mpaka mali yao ikakaribia kwisha. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yakageuka. Watumishi wa mfalme Rumanyika waliwapokea njiani, wakawaongoza, na vijiji vikaagizwa kuwapa chakula pasipo malipo. Speke aliandika habari hizo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, na katika watawala wote aliokutana nao safarini, hakuna aliyemsifu kuliko huyu.

Sifa hizo zilitokana na mapokezi ya mwanzo, lakini kwa maoni yetu jambo kubwa zaidi lilikuja baadaye. Grant aliugua mguu. Ulivimba, ukatoa usaha, akashindwa kabisa kutembea. Januari 1862 Speke alipata ruhusa ya kwenda Buganda, akaondoka, akamwacha mwenzake Karagwe. Tuitafakari hali hiyo kidogo. Mtu wa rangi ngeni, asiyejua lugha, asiye na jeshi, mgonjwa asiyeweza hata kusimama, amebaki mikononi mwa mfalme ambaye angeweza kumfanya lolote. Grant alikaa hapo hadi Aprili 1862, alipobebwa kwa machela kuelekea kaskazini. Miezi yote hiyo alitunzwa, akaletewa chakula na dawa za wenyeji, akatembelewa. Msamaria mwema wa Luka 10 alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kurudi. Rumanyika hakuwa na mtu wa kumrudishia gharama.

Hata hivyo tusimfanye mfalme huyo kuwa mtakatifu. Yeye naye alikuwa na hesabu zake. Baba yake, Ndagara, alipofariki, kiti kilileta ugomvi kati ya ndugu, na mdogo wake Rogero alichukua silaha dhidi yake. Rumanyika alishinda kwa msaada wa nje, wakiwemo wafanyabiashara waliotoka Tabora, kwa hiyo alijua vizuri faida ya mgeni mwenye bunduki. Alitumaini kwamba Waingereza wangemsaidia dhidi ya ndugu yake. Aliyewafungulia wageni mlango kwa furaha hakuweza kukaa meza moja na mtoto wa baba yake. Na alipokwisha kufariki, ukoo wake wa kifalme uliendelea kuuana wenyewe kwa wenyewe mpaka ufalme ukadhoofika kabla ya Wajerumani kuutia mkononi. Hapo tunaisikia sauti ya kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, Mungu akimwuliza Kaini habari za Abeli. Ukarimu kwa wa mbali na chuki kwa wa karibu vinaweza kulala nyumba moja. Tunazo familia hapa parokiani ambazo hupika sinia zima kwa ajili ya mgeni kutoka Bukoba, ilhali mama mkwe na mke wa mwanawe hawajasalimiana tangu Pasaka.

Mgeni naye ana wajibu wake. Speke, aliyepokewa kwa heshima hivyo, aliomba kuwapima kwa utepe wanawake wa jamaa ya mfalme waliokuwa wakinenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya ikulu, akavichapisha vipimo vyao vikasomwa na London nzima. Desturi yenyewe ilikuwa ya kikatili, maana binti alilazimishwa kunywa huku baba ameshika fimbo; hatuitetei. Lakini kuila chumvi ya mtu kisha kuianika aibu ya nyumba yake ni jambo lingine. Siku hizi halihitaji hata kitabu. Mtu analala kwa ndugu yake usiku mmoja, asubuhi picha za jiko bovu na kitanda kibovu ziko kwenye simu za ukoo mzima. Yoshua bin Sira (29:21-28) ana maneno makali juu ya adha za kuishi chini ya dari ya mwingine, nasi tunashauri yasomwe na wenyeji na wageni pia.

Kanisa lenyewe katika mkoa wetu lilizaliwa na wakimbizi. Tunalisema jambo hili mara chache kuliko inavyostahili. Januari 1892 huko Mengo, Buganda, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita, Wakatoliki wakashindwa. Askofu Jean-Joseph Hirth wa Wamisionari wa Afrika alikimbia pamoja na waamini wake, na mwaka huohuo wakaanzisha misioni ya Kashozi, karibu na Bukoba. Kwa hiyo mbegu ya imani yetu haikuja na watu walioshinda. Ilikuja na watu waliofukuzwa makwao, wamebeba misalaba na watoto, wakaomba mahali pa kulala. Miaka minane baadaye, Februari 1900, Askofu huyohuyo alifungua misioni ya kwanza ya Rwanda pale Save, akifuatana na makatekista Waganda. Kumbe tulipokea kutoka upande mmoja wa mpaka, na imani ikapita mpaka upande mwingine, mikononi mwa watu ambao leo wangeulizwa vitambulisho katika kila kizuizi.

Wazee wetu, kabla ya kusikia Injili, walikuwa na njia zao za kumfanya mgeni kuwa ndugu. Omugenyi alipoingia alipewa kwanza kahawa ya kutafuna, na punje hizo zilikuwa salamu na zilikuwa ahadi. Katika nchi hizi za maziwa kulikuwa pia na omukago, urafiki wa damu, ambapo watu wawili wa koo tofauti waligawana punje za kahawa zilizopakwa damu yao. Baada ya hapo mmoja hakuweza kumdhuru mwenzake wala kumnyima hifadhi, na watoto wao walihesabiana kuwa ndugu. Kanisa halikuibariki ibada hiyo, kwa sababu tunazozifahamu. Lakini mtu aliyeilewa Ekaristi vema, yaani kula mwili mmoja na kunywa kikombe kimoja (1 Wakorintho 10:16-17), hawezi kuwacheka wazee wale. Afadhali ajiulize kama komunyo yake inamfunga kwa jirani kwa nguvu ileile.

Kisha ukaja mwaka 1994.

Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kuelezwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengine walivuka mto upande wetu, na kambi zikafunguliwa Karagwe, zikiwemo Chabalisa na Kagenyi. Na mto Kagera, ambao ni mpaka wetu kwa mwendo mrefu, ulibeba maiti. Zilipita kando ya Kyerwa, zikageuka na mto kuelekea ziwa, na nyingi zilizikwa ufukweni Uganda, ambako Kasensero pana makaburi ya ukumbusho hadi leo. Ng'ambo kidogo tu ya mpaka, katika parokia ya Nyarubuye, maelfu waliuawa katikati ya Aprili ndani na kando ya kanisa walilolikimbilia. Waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wamekaa benchi moja, wamepeana amani. Kilichotangulia panga kilikuwa neno: jirani aliitwa mgeni, akaitwa mdudu, na mwishowe hakuitwa mtu tena. Tunaomba jambo hili litulie mioyoni kabla hatujaendelea.

Watu wa Karagwe walitoa mengi. Katika siku za kwanza, kabla ya malori ya mashirika kufika, ndizi na maharage yalitoka mashambani mwa wanavijiji. Baadaye mzigo ulizidi: miti ilikatwa vilima vikabaki uchi, mazao yaliibwa usiku, bei zilipanda, na miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wauaji waliojificha katikati ya wanawake na watoto. Ukarimu ulichoka. Tarehe 5 Desemba 1996 Serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi, na karibu nusu milioni wakarudishwa, wengine chini ya ulinzi wa askari. Hatusemi kwamba uchovu ule ulikuwa dhambi. Mtume Petro anatuagiza kukaribishana bila kunung'unika (1 Petro 4:9). Angekuwa haoni manung'uniko asingeyataja.

Lakini ni lazima tutofautishe. Wapo waliokuja 1994 wakarudi 1996. Wapo waliokuja zamani, wakati wa machafuko ya Rwanda yaliyoanza 1959, ambao wengi wao walipata uraia wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapo waliofukuzwa Ankole, Uganda, mwaka 1982. Wapo waliofuata ng'ombe au vibarua vya kahawa, na wapo ambao hawakuhama kamwe, ni mpaka wa wakoloni uliowapita. Watu hawa wote wameoana, wamezaa, wamezikana. Mdomoni mwa mwenye hasira, wote hugeuka kuwa neno moja tu.

Mwishoni mwa Julai 2013 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliagiza wahamiaji wasio na vibali mkoani Kagera waondoke kabla ya tarehe 11 Agosti. Wengi waliondoka wenyewe, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Dola ina haki ya kulinda mipaka yake, tena ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewatesa raia katika barabara na mapori ya mkoa huu. Mafundisho ya Kanisa hayaikani haki hiyo. Lakini nyumba nyingi zilipasuliwa katikati. Mume alibaki, mke akavushwa. Bibi aliyezaliwa ng'ambo akatengana na wajukuu waliozaliwa huku. Mwezi uleule wa Julai, tarehe 8, hayati Papa Fransisko alikuwa amekwenda kisiwa cha Lampedusa kuwaombea wahamiaji waliokufa baharini, na swali alilolichukua katika mahubiri yake lilikuwa lilelile la Mungu kwa Kaini.

Linalotusumbua sisi wachungaji zaidi ya amri za Serikali ni namna majirani walivyozitumia, na wengine wanavyoendelea kuzitumia. Maneno haya tunayaandika kwa uzito. Kesi ya mpaka wa shamba la migomba inaanza kwa hatua tatu za ardhi. Mmoja akiona anashindwa kwa hoja, ananong'ona kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba mwenzake si raia. Mwajiri anamlaza kibarua kwenye kibanda miezi mitatu, amevuna naye kahawa, amekula naye. Ikifika siku ya malipo anatishia kuwaita maofisa wa uhamiaji, na kijana anatoroka usiku bila senti. Mtume Yakobo (5:4) anasema ujira uliozuiwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana wa majeshi. Tunamwambia mwajiri huyo waziwazi kwamba hawezi kupokea Komunyo Takatifu kwa mkono ulioshika mshahara wa kibarua. Amlipe kwanza. Kama kijana amekwisha kuvuka mto, mtu wa kumfikishia fedha hapatikani kwa shida katika nchi ambayo kila nyumba ina shemeji ng'ambo.

Na ndoa. Mara nyingi kijana wa Kyerwa huja na mchumba aliyezaliwa ng'ambo ya mto, na wazazi hukataa. Hawasemi binti ana tabia mbaya. Wanasema tu kwamba "hawajulikani kwao". Tunawaelekeza wazazi hao katika kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa Mmoabu, mjane, maskini, aliyevuka mpaka kwa ajili ya mama mkwe wake. Akaokota masazo katika shamba la Boazi, mtu asiyemdhulumu wala kumdhihaki. Akawa bibi mzaa babu wa Daudi, na Mathayo 1:5 anamtaja kwa jina katika ukoo wa Bwana wetu. Wazazi wa Bethlehemu wangemkataa kwa sababu hiyo ya "kwao", tungeukosa ukoo huo.

Hata hivyo Kanisa si Mamre, na swali la "unatoka wapi" haliwezi kuepukwa kwenye ofisi ya ndoa. Hatuulizi ili kufukuza. Tunauliza kwa sababu mtu anaweza kuwa na mke mwingine upande wa pili, na wapo waliodanganywa hivyo hapa. Cheti cha ubatizo cha karibuni, kilichotolewa na parokia alikobatizwa, ndicho kinachoonyesha kama kuna ndoa iliyoandikwa. Matangazo yasomwe pande zote mbili. Kwa mtu asiye na makao maalumu, Kanuni ya 1071 inamtaka padre apate ruhusa kabla ya kufungisha ndoa. Na kwa yule ambaye vitabu vya parokia yake viliteketea mwaka 1994, Kanuni ya 876 haimfungii mlango: ushuhuda wa mtu mmoja asiye na shaka unatosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo chake mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Tumeona wanandoa waliokaa miaka mingi bila sakramenti kwa kudhani karatasi iliyoungua imeunguza na ubatizo wao. Waje.

Wakishafunga ndoa ya Kanisa, wasijidanganye kwamba mambo ya uraia yamekwisha. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia, lakini lazima aombe. Haumwangukii kama mvua. Watoto waandikishwe kuzaliwa kwao mapema, wala msisubiri siku ya kuombwa cheti shuleni. Mume anayemwacha mkewe aishi miaka 15 bila hati yoyote, kwa sababu nauli ya kwenda mjini ni ghali au kwa sababu mke asiye na karatasi hawezi kubisha, hajampenda kama Kristo alivyolipenda Kanisa (Waefeso 5:25). Neno hilo la mwisho, "hawezi kubisha", tumelisikia kwa masikio yetu wenyewe, likisemwa kwa kicheko.

Tunamalizia kwa habari ya Jumuiya Ndogondogo, maana ndiko mambo haya yanakotengenezwa au kuharibikia. Kabla Jimbo la Kayanga halijaundwa mwaka 2008 tulikuwa sehemu ya Rulenge, na Askofu wetu tangu 1969 hadi 1996 alikuwa Christopher Mwoleka. Aliishi maisha ya kijiji, akalima na watu, na alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu tumepewa ili tuuige katika kushirikiana, wala si fumbo la kuumiza vichwa. Alipowahimiza Wakristo wakutane nyumba kwa nyumba, nyumba hizo hazikuchaguliwa kwa kabila. Kila familia ilikuwa na zamu yake.

Kwa hiyo kuanzia juma lijalo tunawaomba viongozi wa Jumuiya zote za parokia yetu wapitie tena orodha zao za zamu. Katika Jumuiya kadhaa tumegundua zipo nyumba ambazo sala haijafika miaka miwili, na tulipouliza sababu tulijibiwa kwamba pale wanakaa "wale watu". Orodha iliyosahihishwa iletwe ofisini Jumamosi kabla ya Misa ya jioni. Nyumba zilizorukwa ziandikwe za kwanza, na padre atakuwapo katika kila mojawapo. Mwenye nyumba asihangaike na soda wala nyama, kahawa ya kutafuna inatosha.